Kaseti ya Kilwa

Mpwa wangu ndiye aliyeniingiza kwenye lile grupu la simu, akidhani ananifurahisha. Ni grupu la wapenzi wa Radi, orchestre, yaani bendi, ya roki ya hapa hapa Lubumbashi, ile iliyopiga magitaa makali wakati orchestre nyingine zote za mji zilikuwa zinabembeleza wachumba kwa rumba. Wewe rafiki yangu, kama ulikulia huku, unawakumbuka. Kama hukukulia huku, niamini tu. Mle grupuni kuna vijana waliozaliwa Radi imekwisha kufa zamani, na kutwa nzima wanabishana ni konseti ipi iliyo bora. Wanapanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanagawa nyota, wanatukanana. Mimi nilikuwa nasoma na kusonya. Mtoto wa juzi atanifundisha nini juu ya Radi?

Halafu, wiki tatu zilizopita, nikiwa napika sombe, majani ya muhogo, mtu mmoja wa Mbujimayi, kule Kasai, akaweka sauti mpya na maneno mawili tu: "Kilwa, nzima."

Nilibonyeza na mwiko bado uko mkononi. Kwanza nikasikia jenereta likikohoa. Mwanamke akapiga kigelegele karibu kabisa na kinasa sauti, mtu akamwambia anyamaze, naye akacheka. Baadaye besi ikaingia, nzito, imechelewa kidogo, kama mtu anayeingia misani baada ya injili. Yesu Maria! Ile besi ni baba yangu anayepiga. Sombe iliungua na mimi nimesimama tu, na machozi niliyosema ni ya moshi hayakuwa ya moshi.

Sauti ile haikupaswa kuwepo. Kaseti ya Kilwa, Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, ilikuwa moja tu duniani, na aliyeiharibu ni mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kukaa nayo peke yake muda wa kutosha kuinakili. Na mtu huyo, nyumbani kwetu, jina lake lilikuwa limekuwa mwizi.

Tuliishi Makomeno, mtaa wa humu mjini, katika nyumba yenye veranda ndogo na ua wa miti iliyopandwa kwa mstari. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli. Baba yake naye alishuka kutoka kaskazini, upande wa Pweto, kuja kufanya kazi hiyo hiyo ya reli. Upande wa pili wa ua aliishi jirani yetu, Mkasai. Babu yake alitoka Kasai, akaja hapa kwetu Katanga kwa reli ile ile, na yeye mwenyewe, na baba yake kabla yake, walizaliwa hapa. Alikuwa na duka la vipuri vya redio, alikuwa amesoma, na alivaa soksi hata akiwa nyumbani, jambo lililotuchekesha sana sisi watoto. Baba alimwita mulunda, yaani rafiki, na yeye alimwita baba mulunda vile vile, maana neno hilo limo katika lugha za kwao wote wawili.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza jirani alipita kwenye pengo la ua akiwa amebeba kiti chake mwenyewe. Mama alikuwa amewasha mbabula, jiko la makala, yaani makaa, samaki wakavu wa Pweto wanaloweshwa, harufu yao imejaa mpaka kwenye nguo zetu za misa. Mke wa jirani alituma karanga za kukaanga kwenye sahani ya bati, na mara nyingine bidia yao, ugali wa manjano waliochanganya mahindi na muhogo. Bukari yetu ilikuwa nyeupe. Sisi watoto tulisema bidia inanata kwenye meno, halafu tuliimaliza yote kabla ya bukari.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Baba alikuwa na kaseti tatu za Radi zilizorekodiwa mbele ya watu, sio studio. Studio aliidharau. Alisema studioni mtu anaweza kudanganya, akarudia mpaka akapata, lakini mbele ya watu umekosea umekosea. Ya kwanza ilikuwa ya mji wa Likasi, ya pili ya ukumbi mmoja wa humu mjini, nayo tuliiita Salle, na ya tatu ya Kilwa. Sheria ilikuwa moja: wimbo ukipigwa, hakuna kusema. Ukiisha, kila mtu anasema lake, na mwenzake hamkatishi. Walichukua wimbo mmoja, ule mrefu wa kufungia ambao Radi walipiga kila mahali, wakausikiliza kwenye kaseti zote tatu mfululizo, na kila Jumapili waligombana kana kwamba hawajawahi kuusikia.

Jirani alikuwa mtu wa Likasi, na nitamtetea, maana sikio lake lilikuwa zuri. Likasi iko safi. Unasikia mpiga ngoma akigonga vijiti vyake mara nne kabla ya kuanza. Gitaa la solo linapanda polepole, halikimbii, na likifika juu linakaa pale bila kutetemeka. Unasikia hata mpigaji anavyovuta pumzi kabla ya kuteremka. Mama, akipita na sufuria, alisema yeye anapenda Salle, juu, yaani kwa sababu, mwimbaji anasahau ubeti wa pili na watu wote wanamuimbia. Wanaume wakacheka. Mimi sasa nadhani mama ndiye aliyesikiliza kuliko wote.

Na Kilwa? Kilwa ilikuwa mbaya. Sikufichi. Sauti inatoka kama kwenye ndoo, watoto wanalia, jenereta linakohoa chini ya kila wimbo. Lakini katikati ya ule wimbo wa kufungia jenereta linazimika. Magitaa yanakufa kwa mara moja. Mpiga ngoma haachi. Watu wa Kilwa, wavuvi na wauza samaki, wanapokea kwa makofi, kisha wanaimba ile sehemu ya gitaa kwa midomo yao, dakika nzima, mbili, nyingi. Kinasa sauti kilikuwa cha betri, kwa hiyo kiliendelea kunasa. Halafu jenereta linawaka tena na magitaa yanarudi yote pamoja, juu ya pigo lile lile, kana kwamba hakuna aliyetoka. Mpaka leo nikifika pale mwili unanisisimka.

"Kilwa njo Kilwa," baba alisema, njo kwa maana ya ndiyo. "Ile ingine ni makelele tu."

"Mulunda, weye unapenda Kilwa juu weye mwenyewe uko mule ndani!" jirani alimjibu, na wote tulicheka, maana ilikuwa kweli.

Baba hakuwa mwanamuziki wa Radi. Alikuwa anawabebea vipaza sauti na kuwatengenezea nyaya siku zake za likizo, basi. Kwenye ile barabara mbaya ya kwenda Kilwa mpiga besi alishikwa na malaria, na walipofika hakuweza hata kusimama. Baba alizijua nyimbo zote. Wakamvalisha gitaa. Alipiga konseti nzima, mbele ya watu, na hakurudia tena maisha yake yote. Muda si mrefu orchestre ikavunjika, naye alirudi kwenye karakana na grisi yake. Hakuna aliyempiga picha. Mtu ambaye mchana aliamrishwa na kila bwana mdogo wa ofisini, Jumapili alikaa kwenye veranda na kusikiliza watu wa Kilwa wakimpigia makofi. Kaseti ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wake wote.

Hakuwahi kuandika jina juu yake. Haikuhitaji. Kona yake moja ilikuwa imeyeyuka, ilianguka karibu na mbabula siku moja, na hata mdogo wetu wa miaka mitatu aliijua.

Mvua zilipoanza mwaka ule, redio yetu iliitafuna Kilwa. Ukanda ulitoka nje kama utumbo, ukakatika. Sijawahi kumwona baba ameinama vile. Jirani aliuchukua taratibu, akaufunga kwenye kitambaa chake cha mfukoni, akasema ataushona. Baba akatumwa na kazi kwenda kutengeneza garimoshi lililokwama mbali kwenye njia, safari ya wiki nzima na zaidi.

Ijumaa jirani akaja. Nilikuwa kwenye veranda nachekecha unga, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Alinionyesha kaseti mpya kabisa, safi, haina hata alama. Alisema ukanda amehamisha, ameutia kwenye nyumba ingine, ile ya zamani ilikuwa imekunjamana. "Mama, patia papa yako akirudia," aliniambia. Huku kwetu mtu mzima akimpenda mtoto wa kike humwita mama. Nikamwambia aiweke pale kwenye kiti. Nilipomaliza unga niliitia ndani ya kikapu cha kaseti jikoni, isije ikachafuka, na nikaenda kucheza. Ndiyo hivyo tu. Sikuifikiria tena.

Sasa nikueleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Nkambo, ndivyo tunavyomwita mama mzaa baba, alikuwa Pweto, na hakujua kusoma. Simu hazikuwepo. Kwa hiyo familia zilizokuwa na watu kule ziliandika barua kwa sauti. Ulichukua kaseti, ukasalimia, ukaeleza habari za wagonjwa na za shule, watoto wakaimba, halafu ukampa dereva wa lori la samaki. Kule Pweto walisikiliza, wakalia, wakarekodi majibu yao juu ya maneno yako, na kaseti ile ile ikarudi na gunia la samaki. Kaseti moja iliweza kwenda na kurudi miaka miwili. Nyingi zilikuwa za mkono wa pili, zile za mahubiri, na vile vijino vya nyuma vimekwisha kuvunjwa ili zisirekodiwe tena. Ulitafuna karatasi, ukaziba tundu, kazi ikaendelea. Kila nyumba ilifanya hivyo. Nyumbani kwetu fundi wa shughuli hiyo nilikuwa mimi, na nilijiona sekretere mkubwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata lori lilipiga honi kwenye kona. Nkambo alikuwa mgonjwa, kaseti yetu ya barua ilikuwa bado haijarudi, na dereva alisema atakula kwanza halafu anaondoka. Mama alikuwa anafunga dawa na sabuni. "Chukua yoyote, fanya mbio!" alinipigia kelele. Nikapekua kikapu. Zilizoandikwa niliziacha. Moja ilikuwa haina maandishi wala alama. Nilibonyeza kusikiliza, ikapita kama pumzi mbili tatu za upepo mtupu, nikasema hii haina kitu. Vijino vyake vilikuwa vimevunjwa, nikatafuna karatasi. Mama akasema yake, wadogo zangu wakaimba, nikamweleza nkambo habari za mwalimu wetu na fimbo yake. Tulijaza upande wa kwanza, tukageuza, tukajaza wa pili. Dereva akaenda nayo.

Baba akarudi Jumamosi ile ile jioni, amechoka. Kesho yake, baada ya misa, jirani alipita kwenye pengo la ua na kiti chake, na baba akanyoosha mkono, anacheka.

"Mulunda, leta Kilwa yangu."

"Nilileta ile vendredi ingine, ile Ijumaa. Nilipatia mutoto."

Na hapo ndipo nilipojua. Niliiona kaseti safi juu ya kiti, nikaiona kwenye mkono wa dereva. Baba akanigeukia, bado anacheka.

"Alikupatia?"

Nataka uelewe jambo moja. Baba yangu hakuwahi kunipiga. Hata mara moja. Sikuogopa kiboko, kiboko kingekuwa na maana. Niliogopa kuuona uso wake tena kama siku ile ukanda ulipokatika. Nikasema, "Hapana, papa."

Jirani aliniangalia. Hakukasirika. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, na soksi zake zikaonekana. "Mama, kumbuka muzuri. Ulikuwa unachekecha bunga. Ulisema niweke ku kiti."

"Hapana," nilisema mara ya pili. Na ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Baba akamwita mulunda wake mwizi, hapo hapo, mbele ya watoto wake waliokuwa wamesimama kwenye pengo la ua.

Katika mwaka mwingine wowote yangeishia pale. Wangenuna Jumapili mbili, mama angetuma samaki, mke wa jirani angetuma karanga, na mimi siku moja ningelia na kusema ukweli. Lakini ulikuwa mwaka ule ambao wakubwa walikuwa wameanza kusema majukwaani kwamba kila mtu arudi kwao, na kwamba Wakasai wamekula kazi zetu. Vijana walipita mitaani wakiimba. Baba alikuwa akiwafungia dirisha. Alisema ni wapumbavu, garimoshi haliulizi kabila la aliyelitengeneza. Baada ya Jumapili ile aliliacha dirisha wazi. Nikamsikia kwa masikio yangu, kwenye kona, na wanaume wengine: "Bakasai njo vile. Unamukaribisha ku nyumba, anakuiba mpaka roho." Neno langu moja lilikuwa limempa ruhusa.

Ya siasa sitakueleza, wako waliosoma watakueleza vizuri kuliko mimi. Nitakueleza mtaa wetu. Nyumba zilichorwa alama kwa makala. Watu walibeba magodoro kuelekea gare, yaani stesheni ya reli, wakakaa pale, wiki baada ya wiki, chini ya mvua, wakisubiri garimoshi la kuwarudisha Kasai, mahali ambapo wengi wao hawajawahi kufika. Mwalimu wangu alificha familia mbili chumbani kwake, akadai ni wajomba zake, na hakuna aliyemgusa. Kwa hiyo usije ukaniambia haikuwezekana.

Mke wa jirani alikuja kwenye mlango wa jikoni. Hakuingia, yeye ambaye alikuwa akiingia bila hodi na kufunua sufuria zetu. Alimwambia mama kwamba wanaondoka, kwamba kifua chake si kizuri, na kwamba mabehewa ya watu wote hayana paa. Baba, mtu wa reli, angeweza kuwapatia nafasi kwenye behewa la wafanyakazi, lile lililofungwa. Ni hilo tu alilotuomba.

Mama alimwambia baba wakati tunakula. Baba hakuinua macho.

"Arudishe kasette yangu kwanza."

"Kasette?" mama akasema. "Bantu banakufa kule ku gare, weye unasema kasette?"

"Arudishe kwanza."

Nilikuwa na tonge la bukari mkononi. Ningeweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa mtupu, sauti nilikuwa nayo, baba alikuwa mbele yangu kabisa. Nikalichovya tonge kwenye mchuzi na nikameza. Mara nyingi watu huniambia nilikuwa mtoto. Ndiyo, nilikuwa mtoto. Mtoto aliyejua kabisa anachokifanya.

Wakaondoka asubuhi na mkokoteni mmoja. Jirani alikuwa amevaa viatu vyake vya misa. Mama alitoka nje, baba akabaki ndani na mlango amefunga. "Mubakie muzuri," mke wa jirani akasema, kwa adabu, kana kwamba wanaenda arusi. Duka la vipuri lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Mwezi haukuisha, watu wengine wakahamia nyumba yao, wakang'oa ua mzima na kujenga ukuta.

Karibu na Pasaka kaseti ikarudi kutoka Pweto na gunia la samaki. Nkambo alikuwa amejibu pande zote mbili, kwa pumzi fupi, anataja kila mmoja wetu, anatubariki. Niliisikiliza peke yangu mpaka mwisho wa ukanda, sikio kwenye redio, nikitafuta hata kofi moja la Kilwa chini ya sauti yake. Hakuna kitu. Baada ya muda mfupi nkambo akafa, na baba akaichukua kaseti hiyo, akaandika juu yake "Mama" kwa herufi kubwa, akaitunza kwenye sanduku la karatasi zake. Nilimwona mara nyingi akiishika. Aliishika ile aliyokuwa anaililia na hakujua. Kaseti za Likasi na Salle hakuzipiga tena, na Jumapili zetu zikawa za kula na kulala.

Sasa unaelewa kwa nini nilisimama jikoni na sombe inaungua.

Nilimpigia yule mtu wa Mbujimayi kesho yake. Ni mwana wa jirani, mkubwa wao. Alikuwa na miaka kumi na mitano walipoondoka. Nilijitambulisha, naye akacheka kwa furaha, akasema Kiswahili chake kimeanza kuoza, nimsamehe. Akaniambia baba yake alinakili Kilwa usiku ule ule alipoutengeneza ukanda, kwa redio yake ya kaseti mbili, maana aliogopa utakatika tena siku moja na mulunda wake atabaki bila kitu. Alitaka kumshangaza siku hiyo ikifika. Jumapili ile alikuwa nayo dukani, na alitaka kwenda kuichukua amalize ugomvi.

"Juu ya nini hakuileta?" niliuliza.

"Papa yako alishamuita mwizi mbele ya batoto bake. Angeileta, angeonekana ni mwizi kweli."

Nikamuuliza habari za mama yake. Akasema garimoshi lilichukua siku nyingi sana, behewa lilikuwa wazi, mvua juu usiku na mchana. Mama yake hakufika. Walimteremsha kwenye stesheni ndogo ambayo jina lake hakulijua wakati ule na mpaka leo hajalijua vizuri, wakamzika hapo hapo, garimoshi likapiga honi wakapanda. Baba yake alifika, akaishi miaka mingi, akauza betri sokoni, na kila Krismasi alipiga Kilwa. Mwisho wa maisha yake aliacha kubishana, alisema labda mulunda alikuwa na haki, Kilwa inaishinda Likasi.

"Ule mutoto ni weye?" aliniuliza ghafla.

"Ni mimi. Alinipatia. Nilisema uongo."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, na nilitaka. Nilisikia pikipiki zinapita kule kwao.

"Papa alijuaka," akasema. "Alisema mutoto ni mutoto, anaogopa. Mukubwa njo alichagua kuamini."

Baba yangu anakaa kwangu sasa. Macho yamekwisha, miguu imekwisha, masikio bado. Jumapili baada ya misa nilimkalisha, nikaweka simu kwenye mapaja yake bila kumwambia kitu, nikabonyeza. Jenereta likakohoa. Baba akakaa wima. Besi ilipoingia, vidole vyake vya kushoto vikaanza kutembea juu ya goti, kila mahali pake, bila kukosea. Jenereta lilipozimika na watu wa Kilwa wakapokea, alifungua mdomo akaimba pamoja nao, na machozi yalimteremka mpaka kwenye shati. Sijawahi kumpa mtu zawadi kubwa vile, na ilikuwa imeoza.

Wimbo ulipokwisha akauliza imetoka wapi. Nikamwambia, kwa mwana wa jirani, Mbujimayi.

Akapiga goti kwa kiganja. "Unaona? Nilisemaka! Ilikuwa kwake! Wakati yote ile ilikuwa kwake!"

Nikapiga magoti mbele yake, mwanamke mzima na mafuta yangu haya, na nikamweleza yote. Unga, kiti, kikapu, lori. Nikamwambia kaseti iliyoandikwa "Mama" ndiyo Kilwa. Nikamwambia jirani alinakili kwa ajili yake. Nikamwambia habari za yule mama na stesheni isiyo na jina. Sikuacha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kama ilivyokuwa sheria yake.

Kisha akanitafuta kichwa kwa mkono, akaniwekea kiganja juu ya kitambaa.

"Hapana, mama," akasema. "Ni ye aliiba."

"Papa, ni mimi. Nakuapia."

"Mama, nilishakuwa muzee. Nitaenda kumukuta kule mbele sasa hivi. Kama hakuiba, mi nitamuambia nini?" Akanirudishia simu. "Uniachie mwizi wangu."

Nikainuka, nikaenda kupika. Mama hayuko, mwalimu hayuko, jirani na mke wake hawako, na pale palipokuwa na pengo kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu. Kilwa ipo. Iko kwenye simu ya kila mtu, na wale vijana wa grupu wameipa nafasi ya kwanza kwa kura nyingi. Wananiuliza mimi, mtu wa zamani, nina maoni gani.